Ile Duveti ya Kijivu Sikuwahi Kuilalia

Wasee, leo nakuja na maungamo.

Unakumbuka ile video yangu ya keja? Ile inayoanza na chumba kitupu, napiga makofi mara moja, halafu kitanda kinatokea kimevaa duveti ya kijivu, mito sita, na taa ndogo za manjano zimening'inia ukutani? Hiyo ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Mpaka leo nikishuka stejini kuna makanga mmoja huniita "msee wa duveti".

Sasa sikia ukweli. Ile duveti sikuwahi kuilalia. Hata usiku mmoja.

Ikifika saa nne usiku nilikuwa naikunja polepole isipate mikunjo, naiweka juu ya sanduku pamoja na ile mito mitano ya urembo, halafu nalala sakafuni. Kwenye simiti. Fulana nimevua, dirisha liko wazi, mbu wananila kama wamelipia. Asubuhi nairudisha duveti kitandani, naipiga picha, naandika "asubuhi njema kutoka kwa keja".

Ningenyamaza tu kama si ujumbe nilioupata mwezi uliopita. Dada mmoja wa Kilifi, anauza katika duka la simu, alikuwa amehamia chumba chake cha kwanza maishani. Alinunua seti ile ile kupitia linki yangu, shilingi 3,500, pesa aliyokuwa ameweka kando ya kodi. Aliniandikia kwamba amejaribu wiki mbili na kila siku anaamka ameloa kama mtu aliyetoka baharini. Hakunitusi. Hakudai pesa. Aliuliza tu, "Kwani wewe huwa unalalaje nayo? Labda kuna kitu sijajua."

Nilikaa na huo ujumbe siku tatu bila kujibu, kwa sababu jibu lilikuwa "silali". Na mimi kwa kila seti iliyouzwa kupitia ile linki nilikuwa napata kamisheni.

Kwa hivyo hii posti ni jibu lake, na ni jibu kwa kila mtu anayehamia keja ya kwanza mahali pa joto. Maoni yangu ni haya na nitayasimamia: ukihama, nunua usingizi kwanza. Kabla ya wufa, kabla ya TV, kabla ya zulia la manyoya. Na unaponunua matandiko, nunulia mwili wako na hali ya hewa ya mahali ulipo. Usinunulie kamera, na usinunulie mgeni ambaye hata hajasema atakuja.

Mtoto wa baridi anahamia joto

Mimi nimekulia Nyahururu. Kama hujawahi kufika, ni kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba ukitoa mguu nje ya blanketi alfajiri unajuta. Huko, matandiko ni ulinzi. Nilipoingia kidato cha kwanza mathee alininunulia blanketi la Raymond, lile ambalo kila mtu aliyesoma bodingi analijua, zito, linawasha shingoni, na likikufunika umefunikwa kweli. Nikalibeba hadi chuo. Nilipoacha chuo mwaka wa pili (karo, na mambo mengine ambayo si hadithi ya leo), nikalibeba hadi Mombasa. Mathee alisema, "Beba tu, baridi iko kila mahali."

Mama, baridi haiko kila mahali.

Nilipanga bedsita Kisauni, ghorofa ya mwisho, shilingi 6,000 kwa mwezi. Ndicho chumba kilichokuwa rahisi zaidi kwenye ploti nzima, na kwa ujinga wangu sikuuliza kwa nini. Kwa nini ni slabu. Juu ya kichwa changu hakuna chumba kingine, kuna zege tu, na hilo zege linapigwa na jua kuanzia asubuhi hadi jioni. Jua likitua, zege halipoi hapo hapo. Linaanza kukurudishia joto lote polepole, kama mtu anayelipa deni usiku. Saa tatu usiku ukigusa ukuta wangu, bado una joto.

Niliingia Desemba, upepo wa kaskazi ndio unaanza. Kama unaijua Pwani, unajua Januari hadi Machi ni miezi ya aina gani. Usiku joto halishuki sana chini ya digrii 24, na hewa imebeba maji mpaka nguo uliyofua jana inakaa kama inataka kukauka lakini imesahau namna.

Na mimi nina blanketi la Raymond. Na baadaye, kwa ajili ya video, nina duveti.

Nilikuwa nalala saa tatu, nne kwa usiku. Nikianza kuhariri video ya mteja saa mbili asubuhi, saa tano bado niko kwenye dakika ya kwanza. Nilimfokea jamaa aliyenitafutia kazi. Siku moja nilienda kurekodi harusi Mtwapa na nikaacha kadi ya kamera mezani nyumbani. Mezani! Nikaomba msamaha, nikapanda matatu, nikarudi kuichukua, nikawapata wameshakata keki.

Lakini kitu kilichoniuma zaidi hakikuwa hiyo harusi. Kama umewahi kuacha chuo unajua kuna sauti fulani inabaki ndani yako, kama karani, inaandika kila kosa lako kwenye daftari. Ukiamka saa sita mchana, inaandika. Ukichelewesha kazi, inaandika. Nilianza kuamini kwamba wale waliosema niliacha chuo kwa uvivu walikuwa wanasema kweli. Nilitazama video za kujipa motisha, zile za jamaa anakwambia matajiri hawalali, nikajilaumu zaidi. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba huenda mimi si mzembe. Huenda mimi ni mtu ambaye hajalala tangu Desemba.

Leso ya mama wa chini

Kwenye ploti yetu, chumba cha chini kabisa, kuna mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Siku moja alipanda juu kuanua nguo zake. Mlango wangu ulikuwa wazi ili hewa ipite, na akanikuta nimelala sakafuni saa tatu asubuhi, kando ya kitanda kilichopambwa kama cha bwana harusi.

Nikaamka haraka. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaangalia kitanda, akaniangalia mimi. "Mwanangu, kitanda hiki wamtandikia nani?"

Sikuwa na jibu. Akaingia, akaishika duveti kwa vidole viwili kama mtu anayekagua samaki, akacheka. "Hii ni nguo ya watu wa baridi. Wewe wataka kujipika?"

Akashuka. Nikadhani yameisha. Baada ya dakika chache akarudi na leso moja ya zamani, imefuliwa mpaka maandishi yake hayasomeki vizuri, laini kama sikio la paka. "Tandika shuka jembamba, ujifunike hii. Na hilo zulia lako lipeleke kwenu bara."

Usiku huo nililala hadi nikaamshwa na adhana ya alfajiri. Sikuamka hata mara moja katikati. Nilikaa kitandani kwenye giza nikajisikia karibu kulia, na si kwa huzuni. Kitambaa kikuukuu cha pamba kilikuwa kimefanya kazi ambayo shilingi 3,500 ilishindwa kufanya.

Kwa nini leso ilishinda

Baada ya hapo nilianza kusoma kuhusu usingizi na vitambaa, maana mimi nikianza kitu siachi. Nitakupa kwa ufupi.

Ili ulale, mwili wako lazima upoe kidogo ndani, kama digrii moja hivi. Unafanya hivyo kwa kutoa joto kupitia ngozi, hasa mikono na miguu. Ndiyo maana ukilala kwenye joto mguu wako wenyewe unatoka nje ya blanketi bila kukuuliza. Sasa duveti kazi yake ni moja: kukamata hewa na kulizuia joto lako lisitoke. Si bidhaa mbaya. Inafanya kazi yake vizuri sana. Shida ni kwamba ilibuniwa kwa ajili ya watu ambao madirisha yao yanaganda barafu, na sisi tunaileta chini ya slabu ya Kisauni.

Shida ya pili ni kitambaa chenyewe. Zile duveti za bei yetu nyingi ni mikrofaiba, na mikrofaiba kwa kawaida ni poliesta iliyosokotwa nyembamba sana. Poliesta ni jamii ya plastiki, malighafi ile ile ya chupa za soda. Pamba kwa hali ya kawaida inaweza kubeba unyevu karibu asilimia 8 ya uzito wake bila wewe kuhisi imelowa. Poliesta haifikishi hata asilimia 1. Kwa hivyo jasho lako halina pa kwenda, linabaki na wewe. Mahali pakavu lingekauka haraka, lakini hewa ya Pwani tayari imeshiba maji. Unahitaji kitambaa kinachokunywa jasho, na unahitaji hewa inayotembea. Hivyo viwili tu.

Na kinachonichekesha ni kwamba watu wa Pwani walikuwa wanayajua haya zamani sana. Leso na kikoi za pamba. Mkeka. Kitanda cha kamba, ambacho hewa inapita hadi chini ya mgongo. Mito na magodoro ya usufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi. Halafu mimi natoka bara na simu yangu, natundika taa ukutani, nasema nawaonyesha watu namna ya kupanga chumba.

Sasa ununue nini

Hii ndiyo sehemu ambayo ningepaswa kuifanya kwenye ile video. Bei ninazotaja ni zile nilizolipa mimi, zako zinaweza kuwa tofauti.

Godoro. Hapa ndipo usibane pesa. Kama una pesa ya kitu kimoja kizuri, kiwe hiki. Godoro laini la bei ya chini linakuvutia dukani, lakini usiku linazama, linakukumbatia pande zote, na pale lilipokugusa ndipo joto linapokaa. Baada ya miezi michache lina shimo lenye umbo lako. Nunua lenye densiti ya juu hata kama ni jembamba. Godoro gumu la inchi 6 ni bora kuliko laini la inchi 10. Lipige goti katikati kwa uzito wako wote: goti likihisi mbao au sakafu, shukuru muuzaji na uende duka lingine. Na usinunue sita kwa sita kwa sababu ya sifa. Kwenye bedsita, nne kwa sita inakutosha na unabaki na pa kupita.

Na tafadhali, toa ile nailoni! Najua wengi wenu mmeiacha ili godoro lisichafuke, hata mimi niliiacha. Unalalia mfuko wa plastiki kila usiku halafu unauliza kwa nini mgongo umeloa. Ichane leo.

Mahali pa kuliweka. Usiliache sakafuni. Kwenye unyevu wa Pwani, godoro likikaa chini wiki kadhaa, linyanyue uone: chini kuna ukungu mweusi. Kama huna kitanda, tafuta paleti mbili za mbao, zisugue msasa, ziweke chini yake. Hewa ipite.

Na uwe unalianika. Hapa najua kuna shida. Sisi sote tumekua tukijua kwamba godoro likionekana juani, kuna mtu amekojoa. Nilipotoa langu juu ya slabu mara ya kwanza, watoto wa ploti walinicheka hadi wakakaa chini. Nikawaacha wacheke. Godoro lililopigwa jua asubuhi nzima linakauka, halinuki jasho, na usiku linahisi kama jipya. Heshima yako itapona.

Shuka. Pamba. Na usiamini maneno ya kwenye pakiti peke yake, maana kuna pakiti inasema "laini kama pamba" na ndani hakuna pamba hata ya kuziba sikio. Tafuta lebo iliyoshonwa yenye 100% cotton. Kama hakuna lebo, vuta uzi mmoja pembeni, nenda nao nyumbani, uuchome juu ya sinki. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, inabaki majivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge kigumu cheusi. Huo mtihani haudanganyiki kirahisi.

Mimi shuka zangu nilizipata Kongowea, kwenye mitumba. Siku wanafungua belo, nenda mapema utafute kamera. Nyingi ni za pamba, nyeupe, nzito kidogo, zimefuliwa mara nyingi kwa hivyo ni laini tayari. Nililipa shilingi 250 moja, nikachukua mbili: moja kitandani, moja kwenye kamba. Ukifika nazo nyumbani, loweka kwa maji ya moto kabisa na sabuni kabla hazijagusa kitanda chako. Hiyo si kwa ajili ya uchafu tu, ni kwa ajili ya kunguni.

Na tukiwa hapo: shuka la mtumba sawa, godoro la mtumba hapana. Shuka utalichemsha. Godoro utalichemshaje? Kunguni wanakaa kwenye mishono, na jua peke yake haliwamalizi kwa sababu wanaingia ndani zaidi. Jamaa yangu mmoja alipewa godoro la bure na mtu aliyekuwa anahama. Mpaka leo anatafuta dawa. Kabla hujahamia chumba chochote, washa tochi ya simu uangalie nyufa za ukuta na pembe za kitanda kama unakikuta. Madoa madogo meusi kama nukta za kalamu, geuka.

Cha kujifunika. Leso ya pamba au kikoi. Doti moja nililipa 600, na doti ni leso mbili, kwa hivyo nyingine nilimpelekea mama wa chini badala ya ile aliyonipa, akaikataa mara mbili kabla ya kuipokea. Angalia vizuri, siku hizi kuna leso za poliesta pia. Mwezi wa sita hadi wa nane, kusi ikivuma na mvua imepoza mambo, utahitaji kitu kizito kidogo alfajiri. Shuka la pili linatosha. Kama una mto mmoja mzuri, una mito yote unayohitaji. Mingine mitano nilikuwa naihamisha tu asubuhi na jioni kama mtu aliyeajiriwa nayo.

Neti. Hii si urembo na si ya watoto wachanga tu. Pwani na kule Ziwani, Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia, malaria si hadithi. Serikali imekuwa ikigawa neti zenye dawa bila malipo maeneo hayo, na wajawazito na watoto wachanga hupewa kliniki. Sisi vijana tunaoishi peke yetu ndio tunaosahau kujiandikisha wakati wa ugawaji, halafu tunanunua duveti. Kama hukupata, nunua. Mimi yangu ilikuwa 700. Neti yenye dawa ya kudumu imetengenezwa ikae kama miaka mitatu, na kustahimili kufuliwa kama mara 20. Ifue kwa sabuni ya kawaida, usitie Jik, na uianike kivulini kwa sababu jua linaua dawa. Kumbuka tofauti: godoro juani, neti kivulini.

Feni. Najua si matandiko, lakini chini ya slabu leso bila feni ni nusu ya dawa. Mimi niliuza zile taa za ukutani, nikaongeza pesa, nikanunua ya 2,800. Feni ya wati 50 ikizunguka saa 8 inakula yuniti 0.4 ya stima. Kwa bei ya tokeni, hiyo haifiki bei ya chapati moja. Isogeze karibu na kitanda maana neti inapunguza upepo.

Sasa tupige hesabu. Duveti 3,500, mito mitano ya urembo 1,500, taa 800. Jumla 5,800, na nilikuwa nalala kwenye simiti. Shuka mbili 500, leso 600, mto mmoja 400, neti 700, feni 2,800. Jumla 5,000, na ninalala. Sikuwa sina pesa ya kulala vizuri. Nilikuwa nayo, nikainunulia watazamaji.

Najua utasema nini

Utasema, "Lakini mimi niko Nairobi." Sawa, basi usinifuate mimi. Nairobi Julai usiku joto linaweza kushuka hadi digrii 10 na kitu, na hapo duveti ni rafiki yako. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Chumba cha Roysambu si chumba cha Likoni, na chumba cha Likoni si chumba cha Limuru. Tunatazama video ya mtu aliyeko Marekani mwezi wa Desemba, ana hita ukutani, theluji iko nje, halafu tunanakili kitanda chake hadi rangi. Sisemi tusipendeze. Shuka jeupe lililonyooshwa na leso ya rangi miguuni ni kitu kizuri sana kwenye kamera, nimejaribu. Ila kiwe kizuri baada ya kuwa kinafaa.

Utasema, "Na mgeni akija?" Hapo ndipo wengi wetu tunaposhikwa, tuseme tu ukweli. Tunatandika kwa ajili ya mtu mmoja atakayekuja Jumamosi moja, halafu tunateseka usiku mwingine wote wa mwezi. Na huyo mgeni naye ana ngozi! Ukimfunika poliesta Februari, na yeye atatafuta sakafu.

Utasema, "Mimi ni hasla, sina muda wa kulala." Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu niliiamini. Wale wanaotuambia tusilale, wengi wao wanalala kwenye vyumba vyenye eisii. Anayelala saa tatu kwa sababu ya joto ni wewe, unayeamka saa kumi na moja kuwahi kibarua, unayebeba mizigo, unayesimama kwa duka la simu siku nzima ukitabasamu. Kama una kitu kidogo, huwezi kumudu kukipoteza kwa makosa ya uchovu. Mimi uchovu ulinigharimu harusi moja na mteja mmoja, na karibu unishawishi kwamba sina thamani. Kwa mtu asiye na mshahara wala digrii, kichwa kilichopumzika ndio mtaji. Usikiweke kwenye simiti.

Na kuna atakayesema, "Wewe uliyeacha chuo utatufunza nini?" Kweli, sikumaliza. Lakini mtihani wa uzi niliufanya mwenyewe, na duveti yangu ilifeli.

Nilichofanya

Siku ya nne nilimjibu yule dada wa Kilifi. Nilimwambia ukweli kama nilivyokwambia wewe: sijawahi kuilalia. Alichukua muda kabla ya kujibu. Halafu akaandika, "Afadhali. Nilidhani ni mimi niko na shida."

Hayo maneno yalinichoma kuliko matusi. Kumbe na yeye alikuwa na karani wake ndani, anaandika.

Nilinunua duveti yake kwa bei ile ile aliyolipa. Haikuwa ukarimu, ilikuwa deni. Kamisheni yote niliyopata kwa zile seti ilikuwa 4,160, kwa hivyo pesa ilikuwepo. Ile linki nimeitoa. Video nimeiacha, lakini juu yake nimebandika maneno kwamba kitanda hiki hakilaliki Pwani, na linki ya hii posti. Kama ulinunua kupitia kwangu na uko mahali pa joto, usijilazimishe. Iuze kwa mtu anayehamia bara, ikiwa safi itapata mwenyewe.

Zangu mbili nilizifunga kwenye gunia nikazituma Nyahururu kwa basi, moja ya mathee, moja ya ndugu yangu mdogo. Mathee alinipigia simu usiku ule ule, saa tatu, sauti imejaa usingizi.

"Hii kitu ni tamu," akasema. "Ina joto kama kukumbatiwa. Lakini wewe utajifunika nini huko?"

"Leso, mathee."

"Leso? Na baridi?"

Nikaangalia feni inazunguka, neti inapepea kidogo, saa tatu ya usiku na ukuta bado una joto. Nikamwambia asijali, baridi nimeituma kwake.

Sasa niambie wewe: unalalia nini, uko wapi, na je, unalala kweli? Usiniambie kilichoko kwenye picha.